Mama Katika Darasa la Komunyo

Waa, Jumatano, 3 Aprili 1957

Daftari hili lilikuwa la watoto ninaowafundisha kusoma, lakini nimelichukua mwenyewe. Jana nilikuwa nikipepeta mchele, nikajaribu kukumbuka jinsi Baba alivyokuwa akimjibu mtu aliyemuuliza kwa nini katika Misa padre peke yake hunywa kikombe. Juzi tu nilikuwa na jibu lake. Jana halikuwapo. Nikaweka ungo chini nikakaa, kwa sababu Baba tumemzika Februari, na sikutarajia kwamba angeanza kuondoka mara ya pili mapema hivi. Basi kila nitakachokikumbuka nitakiandika humu.

Baba yangu, Kitsao, alikuwa katekista hapa Waa miaka ishirini na moja. Tulitoka Kaloleni nikiwa bado wa kubebwa mgongoni. Aliletwa kuwafundisha dini wafanyakazi wa mashamba ya minazi, Wagiriama na Waduruma na Wataita wachache, katikati ya Wadigo ambao ni Waislamu. Kanisa la udongo na makuti alilijenga kwa mikono yake. Padre Anselmi, mzee wa Kizungu mwenye magoti mabovu, huja kutoka Likoni Jumapili moja kila mwezi. Baada ya mazishi aliniambia, "Kahaso, shika darasa la baba yako mpaka Siku ya Mwili wa Kristo. Baadaye nitatafuta mtu."

Siku hiyo ni tarehe 20 Juni. Watu tisa wanajiandaa kubatizwa na kupokea Komunyo ya kwanza. Mimi nina miaka ishirini na miwili na ni mwanamke. Wawili walicheka waliponiona nimesimama mbele yao. Mmoja wao ni Rai, mgema wa tembo, ambaye alimzidi hata Baba umri.

Alhamisi, 4 Aprili

Joto. Mvua bado.

Jumapili, 7 Aprili

Sasa darasa lina watu kumi. Wa kumi ni Mama.

Nilikuwa nimekwisha kuanza sala alipoingia, akatandika mkeka wake nyuma kabisa, akatoa ukindu wake akaanza kusuka. Nikaacha sala nikamwangalia.

"Mama, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Endelea, mwalimu."

Watu wakacheka, na mimi nikasahau nilikuwa nasema nini.

Asiyemjua Mama hawezi kuelewa. Aliishi na katekista miaka yote hiyo, akafagia kanisa, akafua nguo za altare, akampikia kila padre aliyepita hapa, lakini hakubatizwa. Watu wakimuuliza alisema, "Siwezi kufungua kinywa kwa jambo ambalo sijalikubali." Baba hakumlazimisha hata siku moja. Kila Jumapili Baba alipotoka kupokea Komunyo, Mama alimngoja mlangoni na kumuuliza, "Haya, umeshiba?" Naye Baba alijibu, "Bado, nipe uji." Kisha wakacheka, na sisi watoto tukacheka bila kujua tunacheka nini. Leo nimekumbuka hata harufu ya uji ule, wa mtama, wenye tui.

Jioni nilimuuliza kwa nini sasa. Akasema, "Nilikuwa na mtu wa kuniaminia. Sasa sina."

Ijumaa Kuu, 19 Aprili

Mwaka huu Ramadhani imekuja pamoja na Kwaresima yetu. Leo nimemkuta jirani yetu Bi Mwanasha kisimani, sote wawili midomo mikavu.

"Shikamoo, Bi Mwanasha."

"Marahaba, mwanangu. Nawe wafunga leo?"

"Nafunga."

Alitazama huku na huku, kisha akasogea karibu. "Kahaso, nina swali, nawe usinichukie. Watu husema nyinyi mwamla Mungu wenu. Baba yako nilimheshimu mno, sikuthubutu kumuuliza. Ni kweli?"

Nilivuta ndoo mpaka juu. Nilimwambia tunaamini kwamba Bwana Yesu mwenyewe yumo katika Komunyo ile, mzima, si vipande vya nyama. Hakatwi wala hapungui wala haumii. Mtu akila nyama hula kitu kilichokwisha kufa, na kikiliwa kinakwisha. Sisi twasema twampokea aliye hai, naye hamaliziki.

"Hilo mimi siliamini, mwanangu. Hata kulitamka naogopa. Lakini si lile walilokuwa wakilisema." Akanitwika mtungi wangu, akaenda zake.

Pasaka, 21 Aprili

Padre amekuja. Ametangaza kwamba Baba Mtakatifu amelegeza mfungo wa kabla ya Komunyo. Sasa ni saa tatu tu, si tangu usiku wa manane kama zamani. Rai akauliza, "Kwa hiyo waliofunga zamani walijisumbua bure?" Padre akajibu kwamba mfungo ni heshima ya kumpokea mgeni, na mwenye nyumba anaweza kupanga upya heshima za nyumba yake, lakini mgeni ni yuleyule. Rai aliridhika. Mimi nilimuwaza Baba akitembea kwenda Likoni na koo kavu, miaka ile kabla ya kanisa letu. Nadhani asingefurahi sana kuondolewa kiu ile.

Mvua ya kwanza imenyesha wakati wa Misa.

Jumamosi, 27 Aprili

Kaka yangu Chengo amekuja kutoka Mackinnon Road, ambako anafanya kazi relini. Amepewa likizo ndefu. Anasema paa la nyumba litaanguka masika haya asipoliezeka upya, na hilo ni kweli. Anasema pia kwamba akimaliza kuezeka atamchukua Mama akaishi naye.

Jambo la tatu hakulisema, ila nimeliona. Alipokaa kula alisali kwa maneno yake mwenyewe, macho ameyafumba, muda mrefu, na hakufanya ishara ya msalaba. Huyu ni Chengo aliyekuwa akimtumikia padre Misa. Sisi wawili ndio tuliokuwa tukisugua vinara vya mishumaa kwa majivu kila Jumamosi, tukibishana nani apige kengele. Yeye alishinda daima kwa sababu mimi ni mwanamke. Alikuwa anajua Kilatini chote kwa moyo, anakitamka kama Kigiriama.

"Nimeokoka, Kahaso," aliniambia. "Nina ndugu kule. Sasa nasoma Neno mwenyewe."

Nilisema ni vizuri.

Alhamisi, 2 Mei

Idi. Bi Mwanasha ametuletea mkate wa sinia na mahamri. Chengo amekula kuliko sote.

Jumapili, 5 Mei

Chengo alikuja darasani na Biblia yake. Nilifurahi kumwona! Nilimpa kiti cha Baba.

Nilipofika kwenye Karamu ya Mwisho alinyoosha mkono. Aliongea kwa adabu, sina cha kumlaumu. Alisema, "Mwalimu, Yesu alisema pia kwamba yeye ni mlango. Alisema ni mzabibu. Je, ana bawaba? Ana majani? Ulikuwa mfano. Na mkate nao ni mfano, wa kumkumbuka. Ukimpigia magoti mfano, hiyo si ibada ya sanamu?"

Watu waligeuka kuniangalia, wote kumi.

Akaendelea. Alisema Bwana alijitoa sadaka mara moja, ikatosha, sasa mapadre wanamtoa tena na tena kila siku kama mbuzi. Alisema wananyima watu kikombe. Halafu akanigeukia mimi peke yangu, na sauti yake ikashuka. "Baba alikuwa mtu mwema sana. Lakini alidanganywa, Kahaso. Na mtu mwema aliyedanganywa anadanganya wengi."

Nikafunga darasa kabla ya wakati wake. Mama alikunja mkeka wake.

Jumatatu, 6 Mei

Mvua. Sikuongea na Chengo.

Jumanne, 7 Mei

Mvua.

Jumapili, 12 Mei

Wamekuja wanne: Rai, wanawake wawili wa Kitaita, na Mama. Niliwafundisha wale wanne kana kwamba ni arobaini, ndivyo Baba angefanya. Lakini sauti yangu niliisikia inavyogonga ukuta.

Jumanne, 14 Mei

Leo mvua ilipumua, Chengo akapanda juu kuezeka. Niliitwa nimpokeze makuti. Nilikuwa nimewaza juma zima. Kwa hiyo nilipompa kuti la kwanza nililishika upande wangu, sikuliachia.

"Chengo, aliposema yeye ni mlango, kuna mtu aliyekasirika akaenda zake?"

"Nini? Achia kuti."

"Hakuna. Kila mtu alijua ni mfano. Lakini aliposema mwili wake ni chakula kweli, waliomfuata walinung'unika, wengi wakaondoka moja kwa moja. Wewe ungekuwa mwalimu, ukaona wanafunzi wanakuacha kwa sababu wamekosa kuelewa mfano, ungefanya nini?"

Alilivuta kuti mara nyingine.

"Ungewakimbilia," nikasema. "Mimi ningewakimbilia. Wangu sita wameondoka na nimekwenda nyumba kwa nyumba. Yeye hakuwaita. Hakusema, rudini, nilikuwa napiga mfano tu. Aliwageukia waliobaki akawauliza kama na wao wanataka kuondoka."

Nikaachia kuti. Alilipanga, akalifunga, akachukua muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Na sadaka ya kila siku?" akauliza kutoka juu.

Pale alipokuwa ameondoa makuti mabovu jua lilikuwa linapita, linaangukia sakafuni kwetu, na nikamsikia Baba kama aliyesimama nyuma yangu. Nilisema kama alivyokuwa akisema yeye: "Jua ni moja. Kila asubuhi tunafungua dirisha, na hatusemi tumeumba jua jipya. Bwana alikufa mara moja. Misa haimuui tena, inatufungulia dirisha la kifo kilekile."

"Hayo ni maneno ya Baba."

"Ndiyo."

"Bado yanasemwa kwa sauti yake," akasema Chengo, akanyoosha mkono kutaka kuti jingine. Hatukugombana tena siku ile. Niliona ameyafuta macho kwa bega, ingawa huko juu kuna vumbi jingi.

Jumapili, 19 Mei

Wamerudi wawili. Jumla sita. Mama hakosi.

Alhamisi, 23 Mei

Maji yamejaa katika kijito kinachokata njia yetu kabla ya barabara kuu. Hatuendi popote. Siku nzima tumekaa jikoni, Mama kwenye mbuzi anakuna nazi, Chengo anachonga fito, na Rai amekuja kujikinga mvua na kibuyu chake.

Rai ndiye aliyeanza. "Mwalimu, mimi nina shida moja tu. Zile hostia ambazo Padre hajaziombea niliwahi kuonja moja, baba yako alinipa. Ni mkate, tena usio na chumvi. Je, ile iliyoombewa ladha yake ni nyingine?"

"Ni ileile, Mzee Rai."

"Basi kilichobadilika ni nini?"

Kabla sijajibu, Mama akasema, "Mimi nilipoolewa, nilimpa baba yangu kibuyu cha tembo la mnazi mbele ya wazee, akanywa. Kabla hajanywa nilikuwa binti wa pale. Alipomeza nilikuwa mke wa Kitsao. Hakuna aliyeniona nikibadilika sura. Lakini jaribu kuwaambia wazee wale kwamba hakuna kilichotokea!"

Rai alipiga paja kwa furaha. Nami ningeweza kuliacha liishe pale, maana nilikuwa nashinda. Lakini si kweli yote, na Baba hakupenda kushinda kwa nusu ya kweli. Nikasema, "Mama, huko aliyebadilika ni wewe. Mnazi ulibaki mnazi. Sisi tunasema kwamba mkate wenyewe haupo tena. Umebaki weupe wake na ladha yake na umbo lake, vyote ambavyo jicho na ulimi hushika. Lakini kile chenyewe, ni yeye. Na kwa kuwa ni yeye aliye hai, hawezi kuwa mwili huku na damu kule. Anayepokea kipande tu amempokea mzima, ndiyo maana hakuna anayenyimwa kwa kukosa kikombe."

Niliposema hivyo nilishtuka. Lile ndilo jibu lililonipotea nikipepeta mchele! Si kwa maneno yaleyale, lakini ndilo.

"Utajuaje, kama jicho haliwezi kujua?" Chengo akauliza. Hakuuliza kwa kejeli.

"Kwa kusadiki aliyesema. Sina jingine, Chengo."

Mama aliendelea kukuna. Kisha akasema, akimwangalia Chengo, "Baba yenu alikuwa na hasira. Mmesahau kwa sababu amekufa. Mtu akigusa panga lake alikuwa hafai. Lakini Jumapili akitoka kupokea kile kitu alikuwa mpole. Alinipokea mtungi. Mpole mpaka Jumanne. Nilihesabu miaka mingi."

"Mpaka Jumanne tu?" Chengo akacheka. "Sasa hiyo ni nguvu gani, Mama?"

"Ndiyo maana alirudi kila Jumapili."

Chengo aliacha kucheka, akaendelea na fito zake. Mvua haikukatika mpaka magharibi.

Jumanne, 28 Mei

Paa limekwisha. Halivuji hata tone. Chengo amemwambia Mama afunge vitu vyake, waende Mackinnon Road maji yakipungua. Mama amesema ataondoka baada ya tarehe 20 Juni. Chengo amemuuliza kama ameamua kweli. Mama amesema, "Bado nasikiliza."

Jumapili, 2 Juni

Watu saba, na Mama wa nane. Rai amejifunza sala zote, ila anazisema kwa mpangilio wake.

Jumamosi, 8 Juni

Mama ana homa. Alinyeshewa akileta kuni.

Jumatatu, 10 Juni

Kifua chake kinakoroma. Dresa wa dispensari alikuja kwa miguu, akampiga sindano, akasema mapafu yote mawili yameshikwa. Chengo anataka tumpeleke hospitali ya Msambweni, lakini barabara imekatika mbele ya Ukunda na hakuna gari linalopita. Hatumuinui bila yeye kuishiwa pumzi.

Jumatano, 12 Juni

Nataka kuiandika siku hii yote.

Asubuhi Mama alituita. Uso wake ulikuwa mdogo, lakini macho yake yalikuwa yaleyale ya kumwambia mtu usiniletee upuuzi.

"Nataka Padre," akasema.

Chengo alipiga goti karibu yake. "Mama, mimi nitakuombea. Hapa hapa. Huhitaji mtu wa katikati."

"Utaniombea. Na Padre utamleta."

"Mimi?"

"Kahaso anajua kunigeuza ubavu. Wewe hujui. Lakini maji yale wewe waweza kuyavuka, yeye hawezi."

"Mama, unajua mimi ninaamini nini."

"Najua. Sikukwambia uamini. Nimekwambia umlete."

Nilidhani atakataa. Sasa yeye ndiye mwanamume wa nyumba hii, na neno lake lingetosha kumfungia Padre mlango. Alikaa pale kitambo, mkono wa Mama mkononi mwake. Kisha akainuka, akakunja suruali, akatoka bila kofia.

Baada ya saa moja Bi Mwanasha alifika. Sikumwita. Alishika ufagio akafagia uwanja wetu wote, matope na majani, mpaka mlangoni. Kisha akanipa shuka jeupe lililokunjwa vizuri, linanukia udi.

"La kutandika mezani," akasema. "Nimesikia mna mgeni."

"Bi Mwanasha, wewe huliamini jambo hili."

"Siliamini. Lakini mama yako Kadzo ni jirani yangu miaka ishirini, na mgeni wake asikute uwanja mchafu." Alimwinamia Mama, akamwita jina lake, wakashikana mikono. Akaenda zake kabla hawajafika.

Walifika kama saa tisa. Kwanza nilimwona Chengo, amelowa mpaka shingoni. Nyuma yake Padre Anselmi, ambaye alikuwa amelowa miguu tu, mkono wake wa kulia umebana kifua chini ya koti. Hakunisalimu. Nilijua maana yake. Nikapiga magoti palepale uwanjani, kwenye udongo uliofagiliwa, na Rai aliyekuwa akingoja kando ya ukuta naye akapiga magoti. Chengo alibaki amesimama.

Ndani Padre alitoa kijisanduku cha dhahabu chenye Komunyo, akakiweka juu ya shuka la Bi Mwanasha. Alimbatiza Mama, akampa jina Ana, maji yakamtiririka sikioni na akatabasamu kama aliyetekenywa. Kisha Padre akamuuliza kwa Kiswahili, polepole, kama anaamini kwamba atakayempokea ni Bwana Yesu mwenyewe.

"Ngoja kwanza," Mama akasema.

Akapumua. Akamtazama Chengo mlangoni, akanitazama mimi.

"Watoto wangu wamebishana masika yote. Nimewasikiliza wote wawili, hakuna aliyesema upumbavu." Akapumua tena. "Naamini."

Nta ya mshumaa niliokuwa nimeushika ilinimwagikia vidoleni. Padre akamwekea Komunyo ulimini. Mama alifumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu sana, na hakuna hata mmoja wetu aliyesogea. Nilipogeuka, Chengo alikuwa ameinamisha kichwa. Sijui ni kwa sababu gani, nami sikumuuliza.

Padre alilala kwa Rai. Chengo alikaa barazani akikausha shati lake, nikampelekea chai. Alianza kusema bila kuulizwa.

"Nilimkuta mezani anakula. Nilipomwambia, aliacha chakula, akaingia kanisani, akatoka ameshika kifua. Dereva mmoja alituleta mpaka kwenye njia yetu. Nilimsemesha njiani mara tatu, hakujibu hata neno. Nikakasirika. Nikasema moyoni, mzee huyu ananidharau."

"Hawasemi wakiwa wameibeba Komunyo, Chengo. Umesahau."

"Nilikumbuka tulipofika kwenye kijito." Alizungusha kikombe mikononi. "Maji yananifika hapa. Na yeye magoti yake hayakunji. Tukasimama. Akanitazama tu, kama mtu ambaye hana la kufanya. Basi nikainama, akapanda mgongoni. Kile kijisanduku kilikuwa kinanigandamiza hapa, katikati ya mabega. Kidogo tu, kama kifungo. Kahaso, kijito kile nimekivuka tangu utotoni, nikiogelea, nikicheza. Leo nilivuka hatua kwa hatua, nikipapasa kila jiwe kwa mguu. Nilikuwa naogopa."

"Uliogopa Padre ataanguka."

"Hapana," akasema. "Yeye nilijua nimemshika."

Ijumaa, 14 Juni

Mama amekunywa uji kidogo. Ameomba aambiwe hadithi za Kaloleni. Chengo ndiye anayezijua, anazisema na Mama anamsahihisha.

Jumatatu, 17 Juni

Mama amefariki alfajiri.

Jumanne, 18 Juni

Tumemzika kando ya Baba. Bi Mwanasha na wanawake wa Kidigo wamepika kwa ajili ya watu wote. Mvua ilisimama tangu saa nne mpaka tulipomaliza.

Alhamisi, 20 Juni, Siku ya Mwili wa Kristo

Nilitaka kumwambia Padre aahirishe. Chengo ndiye aliyeniamsha. "Watu wako wanakungoja," akasema.

Walikuwa saba. Niliwapanga mstari kama Baba alivyokuwa akiwapanga, wafupi mbele, na nikawapangusa matope viatuni wale wenye viatu. Mahali pa mkeka wa Mama hakuna aliyekaa, ingawa sikumwambia mtu. Rai alipotoka kupokea alirudi akapita karibu yangu, machozi yanamchuruzika kwenye mikunjo ya uso.

"Ulimi unasema ni mkate," akaninong'oneza. "Nimeuambia unyamaze."

Ilibidi niume kanga yangu, sijui ni kicheko au ni kilio. Nilipoinua macho nilimwona Chengo dirishani, kwa nje, ameegemea ukuta. Alisimama pale mpaka mwisho. Kengele ilipopigwa, midomo yake ilikuwa inasema Kilatini.

Jumatatu, 1 Julai

Mvua zimekwisha. Upepo umegeuka na usiku kuna baridi. Padre ameniandikia kwamba hajapata mtu wa kuchukua darasa, na kwamba ameacha kutafuta. Jumapili ijayo naanza na watu wanne wapya.

Leo Chengo ameondoka. Nilimsindikiza mpaka barabarani, tukakaa juu ya sanduku lake kungoja basi la Likoni. Tulizungumza mambo ya shamba, ya nani atavuna nazi, ya kaburi kujengewa ukingo. Kisha nikamuuliza atawaambia nini ndugu zake wa kule.

"Nitawaambia Mama amekufa ana amani."

"Na lile jingine?"

Alitazama barabara, upande ambao basi litatokea.

"Zamani nilikuwa nasimama sokoni nasema kwa sauti, ule ni mkate mtupu. Sitasema tena. Usiniandike kwenye darasa lako, Kahaso, sijaamini. Lakini kuna kitu nilikibeba mgongoni, na sijui nilimbeba nani. Siwezi kwenda kupiga kelele juu ya jambo ambalo sijui."

Basi likaja. Utingo alikuwa na haraka, akatupa sanduku juu, hatukuagana vizuri. Nilimpungia mkono mpaka vumbi likatulia.

Nimerudi nyumbani. Nimepika wali wa mtu mmoja, kwa mara ya kwanza maishani mwangu.